Somo la Upishi: Mbaazi na Nyama kwa Pilipili za Moshi, na Kujihadhari na Mkaa

Wahenga walisema, Pafukapo moshi pana moto. Neno hili ni kweli, lakini halikumaliza yote. Maana uko moto usiofuka moshi hata kidogo, nao huweza kuwaua watu wakiwa wamelala. Moto huo ni mkaa. Katika somo hili twataka kuwaeleza wasomaji wetu mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni jinsi ya kupika chakula kizuri cha mbaazi, nyama na pilipili, chenye harufu ya moshi, juu ya jiko la mkaa uani. La pili ni kwa nini jiko hilo sharti likae uani, wala lisiingizwe nyumbani hata mvua ikinyesha. Atakayelishika la kwanza akaliacha la pili, afadhali asingalijifunza lolote.

Somo limeandikwa hasa kwa ajili ya watu wa Mtama na vijiji vilivyo katika njia itokayo Lindi kwenda Masasi. Walimu waweza kulisoma darasani, na wakuu wa vijiji waweza kulisoma barazani. Mwisho yako maswali, ili msomaji ajipime mwenyewe kama amefahamu.

1. ASILI YA VYAKULA HIVI

Watu wengi hudhani ya kuwa pilipili iwashayo ni mmea wa kwetu tangu zamani. Sivyo. Mwanafunzi akumbuke ya kuwa ziko pilipili za namna mbili. Pilipili manga ni punje nyeusi za mmea utambaao, na asili yake ni Bara Hindi. Pilipili nyekundu iwashayo ni mmea mwingine kabisa, na asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri, alipopita pwani yetu mwaka 1331 aliandaliwa wali huko Mogadishu, pamoja na pilipili zilizotiwa siki na chumvi. Kisha akafika Kilwa. Lakini pilipili alizokula hazikuwa hizi zetu nyekundu, kwa kuwa mmea huu ulikuwa haujavuka bahari. Ulivuka baada ya Columbus kufika Marekani mwaka 1492, na Wareno ndio walioueneza sana kwa merikebu zao. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, na mwaka 1505 waliupiga na kuuteka mji wa Kilwa. Mahindi, muhogo, karanga, nyanya na mkorosho, vyote hivi navyo vilitoka Marekani. Kwa hiyo shamba la mtu wa Mtama lina wageni wengi waliokwisha kuwa wenyeji.

Majina nayo yamebadilika. Zamani pilipili nyekundu iwashayo iliitwa pilipili hoho. Siku hizi katika Tanzania watu wengi hulitumia jina la hoho kwa ile kubwa isiyowasha. Basi tusemapo pilipili katika somo hili, maana yetu ni ile nyembamba iwashayo.

Mbaazi haikutoka Marekani. Asili yake ni Bara Hindi, nayo imelimwa Afrika tangu zamani sana. Hupandwa pamoja na mahindi wakati wa mvua, na mahindi yakiisha kuvunwa, yenyewe hubaki shambani ikizaa katika kiangazi. Mizizi yake huongeza rutuba ya ardhi. Punje zake zikikauka, karibu sehemu moja katika tano ya uzito wake ni chakula cha kujenga mwili, kama kile kilichomo katika nyama na samaki. Wakulima wa Lindi na Mtwara huilima sana kwa kuuza. Lakini mwaka 2017 Serikali ya India iliweka mpaka wa mbaazi ziingiazo nchini mwake, na bei katika Tanzania ikaanguka vibaya. Mazao yategemeayo mnunuzi mmoja wa mbali yana hatari hiyo. Mkulima ajuaye kuipika mbaazi yake vema, hata soko likimwangusha, hakosi kitoweo.

Huko Texas, katika Marekani, watu wana chakula kinachofanana na hiki, kiitwacho chili: nyama iliyopikwa kwa pilipili kavu na bizari, na wengine huongeza maharagwe. Wanawake wa mji wa San Antonio walikipika na kukiuza usiku katika viwanja vya mji kwa miaka mingi, na mwaka 1977 bunge la Texas lilikitangaza kuwa chakula cha jimbo. Wengine hukipika nje juu ya mkaa ili kiingie moshi. Sisi tutafuata njia hiyo, lakini kwa mbaazi, nazi na ukwaju wetu.

2. HATARI YA MKAA

Kuni zikiwaka hutoa moshi, na moshi huchoma macho na kukohoza, kwa hiyo mtu hukimbia. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu hautoi moshi mwingi, kwa hiyo mtu hukaa karibu nao bila wasiwasi. Lakini mkaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo nguvu ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi damu haiwezi tena kuchukua oksijeni mwilini, na ubongo na moyo hufa njaa, ingawa mapafu yangali yakivuta pumzi.

Ajali huweza kuanza hivi. Mama amepika uani, chakula kimeiva, na makaa yangali mekundu. Mvua yaanza kunyesha, au baridi ya usiku yaingia, naye asema moyoni, “Mbona nipoteze moto mzuri? Moshi hauna.” Hulichukua jiko akaliweka chumbani, akafunga mlango, na watoto wakalala karibu nalo. Hapo hakuna aliyekusudia ubaya. Ni upendo wa mama ndio ulioingiza mauti nyumbani. Asubuhi mlango hugongwa wala hapana aitikaye.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Kisha huja usingizi mzito. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, na ndani mna jiko la mkaa, wasingoje kujua sababu nyingine: watoke nje mara moja. Ukimkuta mtu amezirai chumbani, fungua mlango na madirisha, mtoe upesi kwenye hewa safi, wala wewe usikawie ndani. Usimnyweshe kitu maadamu hana fahamu. Mpeleke hospitali, hata akizinduka, kwa kuwa sumu hukaa katika damu kwa muda wa saa kadhaa. Mama mwenye mimba apelekwe kwa haraka zaidi, maana mtoto aliye tumboni hudhurika kuliko yeye.

Wako wasemao, “Nitafungua dirisha.” Dirisha moja si kinga ya kutosha. Wengine husema, “Makaa yamekwisha kufunikwa na majivu.” Makaa yaliyo chini ya majivu yangali yakitoa sumu. Kanuni ni moja tu, nayo ni rahisi kukumbuka: jiko la mkaa halilali na watu.

3. MAHALI NA VYOMBO

Chagua mahali uani, palipo wazi, penye ardhi tupu, mbali na paa la makuti au la nyasi kwa hatua 10 au zaidi. Tazama upepo. Wakati wa kusi upepo huwa na nguvu na majani yamekauka. Cheche moja yaweza kuteketeza nyumba kadhaa. Weka karibu ndoo ya maji na chungu ya mchanga kabla hujawasha moto, si baada yake. Chora mstari chini kuuzunguka moto, hatua 2 kila upande, na uwafundishe watoto wadogo ya kuwa mstari ule hauvukwi.

Vyombo vitakiwavyo ni hivi: jiko pana la mkaa au seredani, wavu wa chuma wa kuchomea, karai au sinia la kufunikia, chungu au sufuria nzito, koleo, mwiko na kipepeo, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kukamulia tui. Asiye na jiko pana aweza kupanga matofali ya udongo kwa mraba na kuweka wavu juu yake. Usitumie mawe yaliyotoka mtoni, kwa maana maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke, na jiwe huweza kupasuka.

4. MKAA NA MOSHI

Mkaa usitumiwe ovyo. Katika tanuri ya udongo ya kienyeji, kupata kilo 1 ya mkaa huhitaji kilo 5 mpaka 10 za kuni. Basi kila gunia la mkaa ni miti iliyokatwa mwituni. Serikali ya Tanzania ilitoa mwaka 2024 mpango wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Apikaye kwa mkaa leo atumie kiasi kimtoshacho, na mkaa wa vifuu vya nazi ni mzuri sana, maana hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake.

Washa mkaa, uungoje hata ufanye majivu meupe juu yake. Kisha usogeze makaa yote upande mmoja wa jiko, na upande wa pili uwe mtupu. Hii ndiyo siri ya kazi yote. Upande wenye makaa ni wa kuchoma kwa nguvu. Upande mtupu ni wa kuivisha polepole kwa joto na moshi.

Kupata moshi, tupa juu ya makaa vipande vidogo vya kifuu kikavu au vya mti wa mpera, vipande 3 au 4 kwa mara moja, ufunike kwa karai, ukiacha nafasi ndogo ya hewa kupita. Moshi mwembamba wenye rangi ya samawati huleta ladha njema. Moshi mzito mweupe huleta uchungu. Ukiuona, funua kidogo ili moto upate hewa.

Usichome maganda ya korosho karibu na chakula. Katika ganda la korosho mna mafuta makali yachomayo ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua. Usitumie mnyaa, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa ya wadudu, wala usiwashe moto kwa mifuko ya plastiki. Sumu iliyomo ndani ya vitu hivyo hupanda pamoja na moshi na kutua juu ya nyama.

5. VIPIMO VYA WATU 8

Mbaazi kavu nusu kilo, nyama ya mbuzi au ya ng’ombe kilo 1, nyanya 6, vitunguu maji 3, kitunguu saumu kimoja, tangawizi kipande cha kidole, pilipili nyekundu 4, au 2 kwa nyumba yenye watoto, bizari nyembamba kijiko 1, ukwaju kiasi cha yai dogo, nazi 1, chumvi. Asiye na nyama atumie samaki aliyekaushwa kwa moshi, ambaye huletwa kutoka pwani. Lakini amtie mwishoni, asije akavunjikavunjika.

6. JINSI YA KUPIKA

Kwanza, chagua mbaazi, utoe mawe na zilizotobolewa, uziloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale. Tia maji mapya, uchemshe kwa moto mkali, kisha upunguze moto, upike saa 1 au saa 1 na nusu hata ziwe laini. Usitie nyanya wala ukwaju kabla mbaazi hazijalainika. Vitu vichachu huyakaza maganda, na utachoma mkaa bure. Wengine hutia magadi ili ziive upesi. Ni kweli huiva, lakini magadi huharibu vitamini moja iliyo ya maana katika nafaka na kunde. Kulowesha kwatosha.

Hapa pana onyo kwa atumiaye maharagwe mekundu badala ya mbaazi. Maharagwe hayo yakiwa mabichi yana sumu, nayo huondoka kwa kuchemka kwa nguvu tu. Ukiyaweka juu ya makaa hafifu tangu mwanzo, yaweza kulainika na sumu ikabaki, na walaji watatapika na kuharisha baada ya saa chache. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji, kisha yachemshe yakitokota kwelikweli kwa muda wa dakika 30, ndipo uyapike polepole. Kuchemsha huku fanya juu ya moto mkali wa kuni au wa makaa mengi.

Pili, paka nyama chumvi na tangawizi iliyopondwa. Iache katika vipande vikubwa, unene wa vidole viwili. Ichome juu ya makaa, pande zote, hata ifanye rangi ya hudhurungi. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikapanda, isogeze upande mtupu, maana masizi ya mafuta ni machungu. Ikiisha kupata rangi, iache upande mtupu, tia vifuu, funika, na uiache ivute moshi kwa muda wa nusu saa.

Tatu, weka nyanya na vitunguu vizima juu ya wavu hata maganda yaungue meusi. Yamenye, uponde yaliyobaki. Pilipili nazo zibanike kwa kijiti karibu na makaa, zipate joto na kufura, lakini zisiungue. Ziangukapo motoni hutoa moshi ukohozao uwanja mzima. Basi simama upande utokako upepo. Kabla ya kuzikata, paka mikono mafuta kidogo, na ukimaliza unawe kwa sabuni. Usiguse macho, wala usimguse mtoto mchanga.

Kwa nini tunapaka mafuta? Kiwashacho katika pilipili huitwa kapsaisini, nacho huyeyuka katika mafuta, hakiyeyuki vema katika maji. Ndiyo sababu mtu aliyeungua mdomo kwa pilipili hunywa maji kikombe kwa kikombe wala hapati nafuu. Lakini akinywa maziwa, hupoa. Tui la nazi katika mchuzi hufanya kazi iyo hiyo: huuchukua ukali na kuueneza sawasawa.

Nne, ponda katika kinu pilipili, kitunguu saumu na bizari. Kata nyama vipande vidogo. Tia mafuta kidogo chunguni, kaanga vile ulivyoponda kwa kitambo kidogo, tia vitunguu na nyanya, kisha nyama. Kuna nazi, ukamue tui zito uliweke kando. Ongeza maji katika machicha, ukamue tui jepesi, ulitie chunguni. Funika, upike polepole saa 1 na nusu hata nyama iwe laini. Tia mbaazi pamoja na maji yake machache, na maji ya ukwaju, upike tena nusu saa. Mwisho tia tui zito, ukoroge kwa utaratibu, na usiache litokote kwa nguvu, lisije likakatika. Onja chumvi, uepue.

7. KULA NA KUZIMA MOTO

Chakula hiki huliwa kwa ugali wa mtama, wa muhogo au wa mahindi, au kwa wali. Watengee watoto wadogo sehemu yao kabla ya pilipili kutiwa. Kikibaki, kifunike, na kesho yake kichemshe tena kabla ya kukila. Na kikitoa harufu ya uchachu, kitupe, maana tui huharibika upesi.

Kazi haijaisha mpaka moto uzimwe. Mwagia makaa maji polepole, koroga, mwagia tena, hata uweze kuyagusa kwa mkono. Makaa yaliyozimwa huanikwa na kutumiwa siku nyingine, kwa hiyo asemaye kwamba anauingiza moto ndani ili usipotee hana hoja. Mvua ikikukuta katikati ya upishi, ingiza chungu ndani, na moto uache nje. Chakula kibichi chaweza kupikwa kesho.

Mtu akiungua, mmiminie maji safi ya baridi juu ya jeraha kwa muda wa dakika 20. Usimpake mafuta, unga wala dawa ya meno. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa usoni, au aliyeungua akiwa mtoto, apelekwe zahanati.

8. MASWALI

1. Pilipili manga na pilipili iwashayo zilitoka nchi gani?
2. Kwa nini hewa ya sumu ya mkaa ni ya hatari kuliko moshi wa kuni, ingawa haionekani?
3. Watu watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa, na chumbani mna jiko. Wafanye nini kwanza?
4. Kwa nini nyanya na ukwaju hutiwa baada ya mbaazi kulainika?
5. Maharagwe mekundu hupikwaje ili yasidhuru?
6. Kwa nini maji hayapozi ukali wa pilipili?

Twawaomba walimu walifanye swali la tatu kuwa la kwanza, na wawape watoto kazi ya kulipeleka jibu lake nyumbani usiku uo huo. Na wazee wa vijiji, mkutano ukusanyikapo wakati wa mvua, walitaje neno lile moja kabla ya mambo mengine: jiko la mkaa halilali na watu.